Mstari wa Shangazi

Nilitoka Tanga kwa basi la alfajiri, na sanduku moja na mfuko mwembamba wa turubai wenye fimbo ya snuka, ule mchezo wa mipira ya rangi juu ya meza kubwa ya kijani, ndani yake. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mkaguzi aliufungua mfuko, akaitazama fimbo ilivyogawanyika vipande viwili, akaniuliza kama ni ya kuvulia samaki. Nikasema ndiyo, kwa sababu foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, na kueleza snuka kunataka muda. Baada ya hapo sikumbuki mambo kwa mpangilio. Nakumbuka Doha, ukumbi mpana usio na asubuhi wala jioni, watu wamelala juu ya mabegi yao. Nakumbuka bahari kwenye ramani ndogo ya kiti cha mbele, na kindege cheupe kisichosogea. Nakumbuka Chicago, ofisa akigonga muhuri bila kuinua macho, kisha basi jingine, na mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa yakipita dirishani saa baada ya saa. Nililala nimeegemeza paji la uso kwenye kioo. Kila nilipofumbua macho nchi ilikuwa bado tambarare, na nilipoyafumba, ule utambarare uligeuka kijani, na mtu alikuwa anaupiga pasi.

Mtu huyo ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alifanya kazi miaka mingi katika klabu ya zamani ya wenye mashamba ya mkonge. Chumba cha snuka kilikuwa chini yake: kufuta, kupiga brashi, kuipiga meza pasi, na jioni kusimama ukutani akiita pointi kwa sauti wakati wanachama wanacheza. Yeye kucheza hakuruhusiwa. Wanawake waliingia chumba kile na ufagio au trei. Lakini funguo alikuwa nazo yeye, na kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi meza ilikuwa yake. Nilipokuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha nne zamani na sina kazi, aliniombea kibarua pale klabuni, na asubuhi hizo ndizo nilizojifunza kushika fimbo.

Kwa mwaka mzima hakucheza na mimi hata mara moja. Ilikuwa mazoezi tu. Kwanza chupa: unailaza chupa tupu mezani, unainama, unaingiza ncha ya fimbo mdomoni mwake na kuitoa, mara mia, bila kugusa kioo. Kisha mpira mweupe peke yake: unaupiga uende mpaka ukingo wa mbali na urudi kwenye ncha ya fimbo yako. Ukirudi pembeni, mkono wako umekwenda kombo. Mwisho kabisa ulikuwa mstari. Mipira kumi na mitano myekundu inapangwa katikati ya meza, safu moja iliyonyooka, ikipita baina ya bluu, pinki na nyeusi. Unaingiza nyekundu moja kwenye mfuko wa meza, kisha ya rangi, ambayo hurudishwa mahali pake, kisha nyekundu, hadi meza iwe tupu. Ukikosa hata mmoja, unapanga upya.

Shangazi aliumaliza mstari siku moja tu maishani mwake, saa moja asubuhi, shahidi wake feni ya dari. Aliwasimulia wanachama, wakacheka, mmoja akamwambia labda aliota. Jambo hilo lilibaki kooni mwake kama mwiba wa samaki. Siku ninaondoka kwenda kutafuta kazi ng'ambo alinishika kifundo cha mkono akasema, "Huko kuna simu za picha. Uumalize mstari nikiutazama. Nataka kuuona ukiisha, hata kama ni kwa mkono wako."

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu tayari. Daktari alisema ni presha ya macho, na kinachopotea hakirudi.

Louisville nilifikia nyumba ya mtaa wa South End, pamoja na Wakongo watatu kutoka milima ya Kivu Kusini. Tulifanya kazi ghala moja, tukibandika lebo kwenye masanduku ambayo hatukujua ndani yake mna nini. Meza ya snuka haikuwepo mji mzima, au sikuijua. Kulikuwa na meza za puli tu, zile ndogo za baa. Basi nikarudi kwenye chupa. Jumapili wenzangu walikwenda kanisani tangu asubuhi, nyumba ikanyamaza, jua likalala kwenye sakafu ya jikoni, nami nikainama mezani nikiingiza fimbo na kuitoa. Kuna utulivu fulani katika kurudia kitu kimoja ugenini. Ilifika mahali nikasikia feni ya klabu, ingawa ile nyumba haikuwa na feni.

Siku moja mkubwa wa wale Wakongo, fundi wa kutania, alirudi mapema.

"Bon, muntu wa Tanga," akasema, amesimama mlangoni na suti yake, "hii chupa ilikukosea nini? Kila siku uko naichoma."

"Mazoezi, kaka."

"Mazoezi ya nini? Donc, unafundisha fimbo kunywa soda?"

"Ili mkono usitetemeke."

Akavuta kiti, akanitazama kwa muda mrefu, bila kucheka sasa. "Kwetu tulikuwa nafanya vile na fimbo ya ng'ombe," akasema. "Unaitupa, unaitupa, mpaka inaenda penye jicho inaangalia. Bon. Endelea, muzee. Lakini hii chupa ni ya mafuta yangu."

Nilikaa Louisville miaka mitatu, kisha miguu ikaanza kuwasha. Siwezi kueleza vizuri zaidi. Asubuhi moja ule mtaa ulionekana kama nguo niliyoivaa mno. Nikaenda Columbus kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea, kuwageuza kitandani na kuwasikiliza. Huko nilipata ukumbi wenye meza za puli tisa, na mwenye ukumbi aliniacha asubuhi nicheze na mpira mweupe peke yangu. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka nikawa nauona hata mkononi sina fimbo: ninamsukuma bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, korido ndefu, mwanga mweupe mwishoni, na mimi nasubiri mwanga urudi kwenye ncha ya kidole changu. Nilimpigia shangazi kila wiki. Kila wiki aliuliza neno moja: "Mstari?" Nami kila wiki nikamjibu kwamba meza bado sijaipata.

Nilipoipata ilikuwa Buffalo, na ndiyo sababu nilihamia. Dereva mmoja wa malori aliniambia kule, kwa kuwa Kanada iko ng'ambo ya mto tu, kuna watu wana meza zile kubwa. Nikapanga chumba mtaa wa Lower West Side, nikaulizia, na katika mwezi wangu wa pili nikashuka ngazi za mbao hadi chumba cha chini cha ukumbi mmoja wa mtaa. Ilikuwepo. Futi kumi na mbili, miguu minane, kijani tupu chini ya taa ndefu. Nilisimama nikanusa. Ilinuka chaki na vumbi la sufu, harufu ileile. Mwenye meza, mzee mrefu mwenye koti la kuunganisha viraka, aliniuliza kama ninaumwa.

Tangu hapo kila Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa pale, theluji imejaa hadi kwenye kidirisha cha juu. Tanga ilikuwa saa kumi na moja jioni. Niliegemeza simu kwenye kiti, nikampigia shangazi, nikapanga mstari, nikaanza. Naye akaita pointi kama zamani, akijumlisha moja ya nyekundu, saba za nyeusi, sita za pinki. "Moja. Nane. Tisa. Kumi na tano." Sauti yake ilijaa chumba kile cha chini kama vile ukuta ndio unaosema. Mzee mwenye meza hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini alizima redio yake ili asikilize.

Nikawa nakosa. Mipira ya nguvu ilikwenda ninapotaka, ila ile ya polepole, hasa ya kuingia mifuko ya katikati, ilipinda mwishoni ikagonga ukingo. Mpira wa nne, wa sita, wa tano. Wiki kumi. Nikabadili kusimama, nikabadili mshiko, nikapunguza chakula, nikirudi chumbani ninaingiza fimbo chupani mpaka bega linawaka. Na kila nikikosa, shangazi aliuliza, "Umekosa upande gani?" Nilidhani mtandao unamkatia picha.

"Kushoto kwangu."

"Na ule wa kwanza?"

"Kushoto vilevile."

"Na wiki iliyopita?"

Nikafikiri. "Kushoto."

"Mkono mbaya hukosa huku na huku, mwanangu. Wewe unakosa mahali pamoja kama mtu mwaminifu. Hebu weka kiganja mezani. Kitelezeshe kutoka mstari wa kuanzia mpaka kwenye nyeusi."

Nikatelezesha. Kitambaa kilikwaruza kiganja.

"Sasa rudisha."

Kilikuwa laini kama mgongo wa paka.

Upande wa pili wa dunia shangazi alicheka mpaka akakohoa. Kitambaa cha snuka kina malaika, vile vinyweleo laini kama vya mkono wa mtoto, navyo lazima vilale kuelekea nyeusi. Jambo hilo lilikuwa la kwanza kabisa kunifundisha, kabla hata ya chupa, pale aliponipa brashi na kunionyesha njia yake. Miaka yangu ya meza za puli, ambazo kitambaa chake hakina vinyweleo, ilikuwa imelifuta. Nilikuwa nimejishtaki mimi, mkono wangu, umri wangu, na sikuwahi kuishuku meza.

Nilipomwambia mzee mwenye meza, alishika kichwa. Aliyekibadilisha kitambaa alikuwa fundi wa meza za puli; alikilaza kinyume, na hakuna aliyejua. "Miaka sita," mzee akasema. "Miaka sita najiona nimezeeka." Badala ya kung'oa kitambaa tuligeuza mwanzo wa meza: tulipima upya kwa uzi, tukachora mstari wa kuanzia upande wa pili, tukabandika vidoa vipya vya mipira ya rangi. Kisha nikaipiga meza brashi, na pasi niliyoijaribu kwanza kwenye gazeti, nikatembea nayo bila kusimama kutoka mwanzo hadi nyeusi, shangazi akinihimiza simuni, "Usilale hapo! Utaunguza wali!"

Baada ya hapo mipira ilitulia. Saba. Tisa. Kumi. Nilikuwa na haraka, kwa sababu dada yangu alinieleza kwamba shangazi sasa anapapasa ukuta akienda msalani. Yeye mwenyewe hakusema. Akiona naingiza mpira alisema "Safi," na nikamwamini.

Jumamosi moja ya mwishoni mwa baridi nilianza na nikaona kwamba sitakosa. Sijui namna nyingine ya kusema. Mkono ulikuwa wangu na haukuwa wangu. Mipira iliondoka mmoja mmoja kutoka kwenye mstari kama watu wanaotoka msikitini bila kusukumana, na sauti ya shangazi ilikwenda nayo: thelathini na tatu, thelathini na nne, arobaini na moja. Sikuitazama simu. Nyekundu ya kumi na moja iliingia, na nyeusi nyuma yake. "Themanini," akasema. Zimebaki nne. Nikainama kwa ya kumi na mbili, ikacheza midomoni mwa mfuko, ikakataa.

Akauliza, "Upande gani?"

Nikageuka kumjibu. Simu ilikuwa imeteleza. Ilikuwa imelala kifudifudi kwenye kiti, kioo na kamera yake vimezama kwenye mto, na juu ya mgongo wake ilikaa chaki niliyoiweka pale bila kutazama kabla ya mpira wa kwanza: ilikuwa imelala hivyo tangu mwanzo, na bado shangazi alihesabu kila mpira.

Niliiinua. Uso wa shangazi ulikuwa umeelekea pembeni kidogo ya mahali nilipo.

"Shangazi. Tangu lini?"

Aliugeuza uso kuifuata sauti yangu.

"Tangu kabla hujaipata meza," akasema. "Ningekwambia ungeacha. Usinihurumie, masikio yangu mazima. Nyeusi huanguka kwa kishindo kwa sababu unaipiga kwa hasira. Pinki unaibembeleza. Hiyo ya kumi na mbili ulinyanyua kichwa."

"Nilitaka uone."

"Nimesikia kumi na moja. Lakini simu inakula sauti, baba. Zile za polepole nakisia."

Nilikaa kwenye kiti kile, simu mapajani. Miaka yote niliyozunguka, mji hadi mji, nilijiambia kwamba natafuta meza ya kumwonyesha. Na meza moja ilikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka kwake, klabuni. Klabu imebadilika siku hizi, wanawake wanacheza, alinieleza hayo mara nyingi nami nikayaacha yapite. Nikakata tiketi ya kurudi Tanga wiki hiyohiyo.

Siku ya kuondoka nilipita kuaga. Mzee mwenye meza alikuwa ameipanga mipira yote kumi na mitano katikati, imenyooka, na taa imewashwa.

"Basi mara moja ya mwisho," akasema. "Hujaumaliza."

"Bado," nikasema.

Niliiondoa mipira, nikaiweka ndani ya sanduku lake. Kisha nikachukua brashi, nikaipiga meza kutoka mstari wa kuanzia hadi nyeusi, mikupuo mirefu, sambamba, bila kurudi nyuma. Nilimkabidhi brashi na kumwonyesha njia yake mara mbili, kwa kiganja, ili asisahau. Halafu nikaibeba fimbo yangu, nikapanda ngazi. Nje theluji ilikuwa inayeyuka.