Kifurushi Kisichosafishwa

Sijaisahau asubuhi ile ya Muleba, mwanangu. Na wewe unayeandika programu mbio mbio kama mtu aliyeachwa na basi, kaa kitako unisikilize.

Nilikuwa kijana, fundi mpya katika karakana ndogo ya Bukoba iliyotengeneza mashine za hospitali. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Dada Kemilembe, mzaliwa wa Kaagya, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Tuliitwa kwenye zahanati moja ya huko Muleba ambako mashine ya altrasaundi, yenye programu tuliyoiandika sisi, ilikuwa imeonyesha doa jeusi kwenye kifua cha mtoto aliye tumboni. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi analia. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na sasa ameambiwa ajiandae kwenda hospitali kubwa ya Mwanza.

Niliizima mashine, nikaiwasha. Doa likatoweka. Nikaanza kukunja nyaya, nimefurahi kweli.

"Unakwenda wapi?" Dada Kemilembe akaniuliza. "Ugonjwa usioujua hujautibu."

Akaomba beseni la maji, akawa anayapima yale maji, picha baada ya picha, mpaka doa likarudi. Maji hayana kifua, mwanangu. Hapo nilianza kumheshimu kwa moyo wote.

Kosa tulilikuta kwenye programu yetu. Skrini huongozwa na kiendeshi, kijiprogramu kinachoiambia ichore nini, nacho hupokea amri katika vifurushi vyenye nafasi za kujaza: chora wapi, upana gani, rangi ipi. Nafasi moja haikujazwa, ikidhaniwa ni tupu. Lakini nafasi isiyojazwa hubaki na mabaki ya kazi iliyopita, na kiendeshi huyatii kama amri halali. Kuzima na kuwasha kulifukia kosa tu. Kwetu hakuna anayemtilia mgeni maji katika kibuyu kilicholala na lubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kukisuuza, ila kwenye mashine ya watu tulifanya hivyo.

Kabla hajabadilisha hata herufi moja, Dada alitoka nje akachutama mbele ya yule mama. Mwingine angesingizia umeme.

"Waitu, mama," alimwambia kwa heshima ya Kihaya, "mashine imekosea, na tuliokosea ni sisi. Tutakupima tena leo hii, nawe utazame mwenyewe."

Tulisafisha kifurushi chote, tukajaza upya. Kifua kikaonekana safi bila doa, moyo unadunda. Yule mama alimshika Dada mkono asiuachie. Mimi niligeukia ukuta, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Basi, mwanangu, safisha nafasi zote ndipo ujaze. Kosa lililopotea lenyewe lifuate mpaka ulijue. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa likiwa lako, liseme. Mungu akujalie mikono isiyo na papara, na siku utakapokosea, akupe moyo wa kumwambia uliyemuumiza kabla hajakuuliza.