Sponji ya Chura

Ting-ting-ting-ting… ting-ting. Hivyo ndivyo Chura, pikipiki ya mjomba wangu, alivyolia akisimama mbele ya nyumba ya bibi yangu, Kambo, mlio mwembamba unaoruka hapa na pale, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko huku akiwaza mambo yake. Hata leo, katikati ya malori yote ya Kolwezi, ningeutambua. Na harufu yake, ndugu yangu! Moshi wa buluu uliingia mpaka kwenye bukari, ugali wetu, tukala nao, na hakuna aliyelalamika.

Nimemkumbuka juzi, na nimemkumbuka kwa hasira. Nilikuwa nakaanga bitumbula, maandazi yetu ya kwetu, kando ya barabara, akaja kijana mmoja wa machimboni, bomba la moshi la pikipiki yake limekatwa kwa msumeno. Inanguruma mpaka mafuta yananitetemekea kwenye karai. Akasimama kununua, uso wote mwekundu kwa vumbi, meno tu ndiyo meupe.

"Yaya, dada yangu, unasikia ile nguvu? Nilitoa na chujio ya hewa. Sasa iko inapumua muzuri!"

"Iko inapumua vumbi," nikamwambia.

Akacheka sana. Mimi mwenyewe ni mtu wa kucheka, wanaonijua watakwambia, ila siku ile nilimfungia bitumbula vyake bila hata kutabasamu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nimelelewa na Kambo, mama wa mama yangu, kwenye kijiji kilicho mbele kidogo ya Kasaji. Shamba lake la muhogo lilikuwa bondeni, na kati ya bonde na kijiji kuna mteremko wa mchanga mrefu ambao pikipiki za kawaida zilizama hadi matumbo. Chura hakuzama. Alikuwa pikipiki ya zamani ya magurudumu manne, tairi nene, amechuchumaa chini kama chura kweli. Mjomba wangu alimpata kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Injini yake ilikuwa ile ya aina ambayo mafuta ya kulainisha unayachanganya mwenyewe ndani ya petroli, na Mjomba alipima kwa kopo la nyanya. Nyuma alimfungia kigari. Muhogo, makaa, mgonjwa wa kupelekwa zahanati: vyote vilipanda juu ya kile kigari.

Mwanzoni hata Chura alikuwa anaushindwa mteremko akiwa na mzigo. Mjomba akatoa lile gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo, akaweka lingine lenye meno machache. Kitu chenyewe kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Basi! Tangu hapo Chura alitembea polepole kwenye tambarare, lakini mlimani alipanda na magunia yake, na Kambo ameketi juu ya magunia na mwavuli wake kama mama wa harusi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kurekebisha injini kidogo hakusaidii. Kunasaidia, ikiwa kwanza umeuliza ile injini inafanya kazi gani.

Mimi pia nilikuwa na sehemu yangu. Ndani ya kisanduku cha hewa mlikuwa na sponji nyeusi, ndiyo iliyozuia vumbi lisiingie kwenye injini. Kila Jumamosi Mjomba alinipa niioshe. Unaifua kwa sabuni, unaikamua bila kuisokota, unaianika kivulini, kisha unaichovya mafuta na kuikamua tena. Niliona fahari! Watoto wengine walitunza mbuzi, mimi nilitunza pumzi ya Chura.

Sasa, kwetu mashine hupimwa kwa sikio. Mwenye pikipiki akifika penye watu, anaifokesha mahali pamoja, wanaume wanainamisha vichwa, wanasikiliza, halafu mmoja anatamka: "Iko na nguvu." Hawaulizi imebeba nini. Hawaulizi imepanda wapi. Na Chura, na ting-ting yake ile, hakuwahi kutamkiwa. Kule stesheni, siku za treni, vijana wa pikipiki walimkejeli Mjomba waziwazi.

"Mjomba, leo unasindikiza maiti ya nani?"

"Tuwashe jiko kwanza, ye atafika kesho!"

Mjomba alikuwa mpole. Mpole akichomwa mara nyingi, huwa anaumia ndani. Siku moja akaja fundi kutoka mjini, amekuja kwenye matanga, na msumeno uko kwenye begi, Mjomba akamkabidhi Chura amwongezee nguvu. Alasiri moja tu, nakwambia, ilimtosha. Alirudisha gurudumu la meno mengi. Akalikata lile bomba la moshi lenye tumbo nene, wala hakujua kwamba injini ya namna ile inategemea lile tumbo ili ivute. Akang'oa kisanduku cha hewa, akanitupia sponji.

"Mutoto, kamata. Utasugulia nyungu."

Alipomfokesha Chura, kuku walikimbia. Wanaume wakainamisha vichwa. "Eeeh! Sasa njo iko na nguvu!" Watu wakapiga makofi, na Mjomba, maskini, akatabasamu kama bwana harusi.

Kambo alikuwa anapepeta unga. Hakuinua hata uso. "Na muhogo yangu? Kelele njo itabeba?"

Wakamcheka. Mzee wa watu, wakamcheka.

Haikupita wiki, jirani yetu, yule aliyekuwa ananisuka nywele, akashikwa na uchungu kule kule bondeni, shambani. Mjomba alifika mbio na Chura. Tukatandika magodoro kwenye kigari, tukamlaza. Kufika mteremkoni, Chura akapiga yowe, akasogea kidogo, akazima. Akawashwa, akapiga yowe, akazima. Nguvu yote ilikuwa juu kwenye kelele, chini hakuna kitu. Wanawake wakasukuma, magurudumu yakazunguka, vumbi likatufunika wote, na lile vumbi likaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa injini ulio wazi. Nikasikia krrr. Halafu kimya.

"Mama yangu, munishushe," jirani akasema. "Munishushe tu, na ile kitu isilie tena."

Alijifungua pale, kando ya njia, nyuma ya vitenge vilivyoshikwa na wanawake. Mtoto alilia, namshukuru Mungu. Ila mama yake alitoka damu nyingi mno. Walimpandisha juu kwa baiskeli, akiegemea mabega ya watu, na msimu mzima hakushika jembe wala kichwa changu.

Kesho yake nilikwenda stesheni kumsikia mtu akisema ukweli. Wanaume wakasema ni mchanga. Wakasema ni petroli mbaya. Wakasema mwanamke mwenyewe alichelewa kuita watu. Fundi alikwisha kurudi mjini. Na mmoja, namkumbuka mpaka shati lake, akatikisa kichwa na kusema: "Lakini ilikuwa inalia muzuri!" Mwanamke nusura afe, wao bado wanasifu mlio!

Mjomba alifungua injini, akaona pistoni imekwaruzika kama imepitiwa na misumari. Akaifunga. Hakumgusa tena Chura, akaenda zake Fungurume kuchimba madini. Kambo akarudi kubeba muhogo kichwani, mwaka kwa mwaka, hadi shingo yake ikakataa kugeuka. Sasa amelala chini ya ule mchanga. Sponji yangu iliishia kwenye nyungu, ikameguka vipande vipande.

Baada ya yule kijana wa bitumbula sikutulia. Nilipanda treni, nikaenda. Nyumba imebaki nusu, njia ya mteremko imeota nyasi. Chura nilimkuta nyuma ya jiko, kuku ametaga kwenye kiti chake, na mdomo wa injini bado uko wazi, upepo unauingizia vumbi kama siku ile. Miaka yote hii, hakuna hata mmoja aliyeufunika.

Nilichana upindo wa kitenge changu. Nikaufua kwa sabuni, nikaukamua bila kuusokota, nikauanika kivulini. Ulipokauka nikauchovya mafuta, nikaukamua tena, nikaufunga kwenye ule mdomo kwa kamba ya gunia, nikakaza.