Loisi wa Ihumwa na Mizani ya Karanga

Loisi alizaliwa Ihumwa, karibu na Dodoma, mwaka 1912, binti wa mfugaji Yotham. Njaa ya utotoni mwake ilimchukua mama yake, naye akakua akiamini, kama majirani wote, kwamba mtu mnene ni mtu aliyerehemiwa. Alipowaambia wazee wa kanisa kuwa Mungu anamwita kuuguza, baba yake alidai kwanza aolewe, apate ng'ombe wa mahari. Walibishana muda mrefu, baba akachoka, akamwacha aende.

Kufikia mwaka 1946 alikuwa akifundisha wauguzi katika zahanati ya kanisa mjini Dodoma. Wagonjwa walipimwa kwa mizani ya magunia ya karanga, barazani, mbele ya watu wote. Ndipo akaja Kanchan, mke wa mwenye duka la vitambaa, miguu imevimba, pumzi zikimpaa. Mwanafunzi Methusela alimpandisha, akatangaza kama yuko mnadani: "Paundi mia mbili na arobaini! Shemeji yetu huyu, mvua zimemkubali."

"Muulize nani anampikia, tuhamie kwake," mmoja akadakia.

Baraza likacheka. Walidhani wanamsifu. Loisi naye alicheka. Kanchan akavaa viatu vyake, akaondoka.

Jioni Loisi alimfuata dukani kuomba radhi.

"Mlinipima kama karanga," Kanchan alisema, akikunja kitambaa. "Nilikuja kwa sababu naogopa kufa, nanyi mkacheka."

"Rudi kesho, dada. Nitakupima mimi, faraghani."

"Nenda nyumbani, Loisi."

Kanchan hakurudi. Kila Loisi alipopita aliambiwa mama amelala. Kabla ya masika moyo wa Kanchan ulisimama.

Loisi alifunga na kulia, kisha akarudi kazini, maana machozi hayamtibu mtu. Mizani aliihamishia chumba cha ndani. Wanafunzi wake aliwafundisha kuomba ruhusa kabla ya kupima, kunong'ona uzito, kumwita mtu kwa jina lake. Wamuulize mgonjwa anakula nini na nani anapika. Wasikilize moyo, wapime mkojo kama una sukari. Wasimwambie ashinde njaa, bali apunguze samli na sukari kidogo kidogo, atembee kadiri ya pumzi zake. Aliyetamka neno "mvivu" alitolewa darasani. Kila darasa jipya alilisimulia kosa lake mwenyewe, bila kujipunguzia.

Waumini hukumbuka jinsi Swaumu wa Kizota, aliyeshindwa hata kuinuka kitandani kwa unene, alivyokuja kwa miguu hadi zahanati. Wanauita muujiza. Loisi alikataa: "Alitembea na Methusela kila asubuhi, mwaka mzima. Msimnyang'anye jasho lake."

Alifariki mwaka 1958. Mchungaji alipomwambia afe kwa amani, alijibu, "Mungu amenisamehe, najua. Kanchan hakunisamehe, na alikuwa na haki."

Anayetaka kumfuata Loisi asianze na kuwasha mishumaa. Amfikirie yule ambaye yeye mwenyewe alimcheka, aende kwake leo, maadamu bado anamfungulia mlango.