Kofia ya Baba Kichwani mwa Bi Zuhura

Harufu ya karafuu zilizoanikwa hunirudisha kijijini kwetu Shumba, kwenye msimu ule aliofariki baba. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Maiti ilipokuwa ikioshwa uani, jirani yetu Bi Zuhura aliingia chumbani walimokaa wanawake, kavaa kofia ya baba na shati lake kaligeuza nje ndani. Akachechemea kama yeye, akakohoa kama yeye, kisha akajitupa mkekani. "Nyie, chai yangu iko wapi? Hii mlonipa si maji ya kuoshea vyombo?" Wanawake wakaangua kicheko. Hata mama, ambaye tangu alfajiri hakutamka neno, alicheka ndani ya kanga yake mpaka mabega yakamtikisika.

Nilimrukia, nikampokonya kofia. "Toka kwetu! Baba yangu si wa kuchekwa!" Bi Zuhura alivua shati, akaligeuza vizuri, akalikunja, akampa mama, akatoka. Hakurudi tena matangani. Mama naye alirudi kwenye ukimya wake, na siku zote tatu hakutia kitu mdomoni.

Mwisho wa msimu, tukichambua karafuu, ndipo mama aliponieleza. Babu yangu na babu yake Bi Zuhura walitoka bara pamoja kuja kuchuma karafuu. Makabila yao, kwa walivyohadithiwa, yalipigana mpaka yakachoka, yakakubaliana kuwa tangu hapo yatapigana kwa mdomo tu, na anayefiwa atachekeshwa na mwenzake. Huo ndio utani. "Ulidhani yule hana uchungu?" mama aliniuliza. "Baba yako alikuwa mtani wake. Sasa kabaki na wewe."

Sikwenda kumtaka radhi. Nilikua, nikahangaika na miji, Tanga, Mwanza, Songea, na kila niliporudi nilipita mlangoni kwake mbiombio. "Shikamoo, Bi Zuhura." "Marahaba, mwizi wa kofia!" Alikuwa akiningoja nimjibu. Mimi niliinamisha uso, nikapita.

Mwaka huu nimerudi kumzika. Siku hizi kila kichekesho cha kwenye simu huitwa utani, na wanaojua ule mwingine wamekwisha. Chumbani walimokaa wanawake, nilivaa miwani ya Bi Zuhura iliyofungwa uzi, nikapinda mgongo kama yeye. "Ondokeni, mmezikalia kanga zangu!" Wanawake wakanikodolea macho. Mjukuu wake alinivua miwani taratibu, akaniletea maji.

"Pole, shangazi. Lia tu, usijizuie."

Nikayapokea, nikanywa, nikalia kama wengine.