Mtandao wa Ubaruku uliokufa kila majaruba ya mpunga yakijaa maji

Wakuu, kamwene.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, huwa napita kwenye nyuzi za vifaa vya mtandao na kuondoka. Leo naandika mwenyewe. Nitaandika kama ilivyokuwa, na pale nisipojua nitasema sijui. Elimu yangu ni darasa la saba, wataalamu mtanivumilia.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa anasambaza intaneti ya redio Ubaruku, huku Mbarali. Unafunga antena moja mlimani ambako intaneti ni ya uhakika, unafunga nyingine kijijini, zinatazamana, basi. Katikati ni hewa tu.

Ndivyo tulivyodhani, kwamba katikati ni hewa tu.

Wateja wake wakubwa walikuwa wenye mashine za kukoboa mpunga. Kwa asiyejua, watu hawa wananunua mpunga wakati wa mavuno, wanaufungia godauni, wanasubiri masika bei ipande. Hapo ndipo mteja wa Dar anapiga video call, aoneshwe mchele kabla hajatuma gari. Mtandao ukikata saa hiyo, mteja anampigia mwingine.

Na mtandao wetu ulikuwa unakata masika. Kiangazi chote unateleza, masika unakufa.

Baba Neema alibadilisha waya. Akaziba viungio vyote maji yasiingie. Kila aliyemuuliza alimwambia jambo moja: pandisha antena juu. Akaunga mlingoti, akapandisha. Ukapona kidogo, ukafa tena.

Bosco ni mwenyekiti wa wenye mashine na alikuwa rafiki yake. Siku moja alimwambia mbele ya wapakiaji, "Baba Neema, umetuuzia takataka."

Baba Neema alirudi nyumbani, akanawa miguu, akakaa.

Masika yale yale presha ilimwangusha, hakuamka. Simlaumu Bosco, presha mume wangu alikuwa nayo tangu zamani. Nasema tu ili mjue neno lile lilibaki wapi.

Tulimzika kwao Kalenga. Matanga yalipoisha, shemeji zangu wakanishauri niuze vifaa nifungue duka Iringa mjini. Walinitakia mema. Lakini nikiuza, takataka linabaki kuwa neno la mwisho juu ya kazi yake. Nikarudi Ubaruku.

Kazi niliijua kiasi. Nilikuwa namshikia ngazi, namsomea namba za signal kwenye kompyuta yeye akiwa juu anageuza antena. Zaidi ya hapo sikujua.

Nilikuta mpunga umeshakuwa mrefu na mtandao umepona. Ukavunwa, majaruba yakakauka, ng'ombe wakaingia kula mabua. Mtandao safi kabisa.

Bosco akaja nyumbani anacheka.

"Shemeji, pole tena na msiba. Ila umefanya nini pale juu? Mtandao unakimbia balaa!"

"Sijagusa kitu."

"Basi usiguse! Tumekaa wenye mashine wote, tunataka kusaini mwaka mzima."

Wakuu, mkataba ule ndio marehemu aliuhangaikia mpaka mwisho. Na nilikuwa nauhitaji, sitawadanganya. Lakini nilijua sijatengeneza kitu.

Nikamwambia, "Msisaini. Maji yakirudi utakata tena."

Bosco alinitazama kama mtu aliyeona kuku anaogelea.

"Shemeji, biashara hii itakushinda. Mtu anakuletea kalamu, unamfukuza?"

"Kalamu iletwe majaruba yakiwa yamejaa."

Hapo akaacha kucheka. "Haya. Lakini ukikata tena tunahamia kampuni nyingine, na ule mlingoti wa marehemu naung'oa. Umekaa vibaya mbele ya godauni langu jipya."

Nikasema sawa.

Nikapanda gari kwenda Mbeya. Pale Mwanjelwa kuna mzee anauza antena na redio za mtandao, tumwite Mzee Shabani. Kazaliwa Mbeya, lakini kwao asili ni Pangani na Kiswahili chake bado kina chumvi ya huko.

"Shikamoo mzee. Nataka redio yenye nguvu kuliko zote ulizonazo."

"Marahaba. Nguvu za kumpiga nani?"

Nikamweleza yote. Angeweza kunifungia boksi la ghali nikaondoka nimeridhika. Badala yake akauliza, "Unakata mvua ikinyesha, au maji yakiwepo?"

Sikuwahi kuvitenganisha viwili hivyo.

Nikaanza kukumbuka. Mvua kubwa ya kwanza, majaruba yakiwa bado makavu, haukukata. Lakini jua likiwaka, ikifika zamu ya mashamba ya katikati, kati ya mlima na kijiji, kufunguliwa maji ya mfereji, unakata. Na mpunga ukirefuka unapona wenyewe.

Nilipomwambia hivyo mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, umeihamishia Pangani huku Usangu! Nyumbani kuna link ya antena mbili inavuka mlango wa mto. Maji yakijaa inakufa, yakipwa inafufuka. Wewe una bahari yako huko, ila imepandwa mpunga."

Akanieleza. Jaruba lililojaa maji ni kioo. Mawimbi mengine yanakuja moja kwa moja, mengine yanagonga maji yanaruka, yanachelewa kidogo, yakifika yanapigana na wenzao. Mpunga ukirefuka unafunika kioo.

"Kwa hiyo niongeze nguvu?"

"Utaongeza na nguvu za yale yanayoruka. Ni kama kupiga kelele ndani ya tanki. Mumeo alifunga antena gani?"

Paneli pana. Alitaka kifaa kimoja kilete intaneti kutoka mlimani na hapo hapo kigawie nyumba za jirani.

"Paneli pana inafaa kugawia nyumba nyingi. Ila kwa safari ndefu juu ya maji, hapana, inachota kila kitu. Unataka dishi, kubwa, lenye jicho jembamba. Huku na huku."

Nikasema, kwa shida kidogo, "Kwa hiyo marehemu alikosea kuchagua."

"Alipima lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Basi kwa mwezi wa tisa alichagua sawasawa."

Wakuu, niliishikilia kanga yangu nyeusi nikatazama nje kwa muda. Kwetu kila mtu anapima kiangazi, maana ndipo gari linafika. Nani aende kupima mtandao kwenye tope?

Mzee akaniongezea kitu ambacho hakiuzwi dukani kwake. Dishi peke yake linaweza lisitoshe. Tafuta pa kulifunga ambapo ukisimama unaona mlima lakini maji huyaoni, ili mawimbi yanayoruka majini yasilifikie.

Nikanunua madishi mawili, moja nikamkodi fundi alifunge mlimani; redio zikabaki zile zile za Baba Neema. Paneli nikazihamishia kwenye kugawia nyumba, kazi inayoziweza.

Nilizunguka Ubaruku nzima natafuta pa kusimama. Kila penye mlima pana maji. Nikaishia nyuma ya mashine ya Bosco. Pale paa la godauni lake jipya linafunika majaruba yote, na mlima unachungulia juu ya bati.

Godauni lile lile alilosema mlingoti umekaa vibaya mbele yake!

Mlingoti nikaushusha mwenyewe kabla hajaung'oa. Nikakata kipande kifupi, nikakichimbia pale nyuma, fundi akafunga dishi la pili kimo cha mtu aliyesimama juu ya meza, likitazama juu kidogo ya paa.

Wapakiaji walifurahi sana siku hiyo.

"Mama Neema, wenzio wanatafuta signal juu, wewe unaitafuta uvunguni?"

"Akimaliza hapo atachimba kisima!"

Hata fundi alikuwa anaona aibu. Nami sikuwa na uhakika, niseme ukweli. Nilikuwa nimeamini maneno ya mzee mmoja na macho yangu.

Kisha mvua zikaja, banio la mfereji likafunguliwa, watu wakaanza kupandikiza. Ilipofika zamu ya mashamba ya katikati, Ubaruku yote iligeuka anga. Ukitazama chini unaona mawingu.

Wenye mashine wakaja kwa Bosco bila kuitwa. Bosco akachota mchele kwenye chekeche, akampigia mteja wake wa Dar kwa video. Wote wakasogea kuitazama simu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mashine, nahesabu pumzi zangu.

Sauti ya mteja ikatoka kwenye simu, "Bosco, hiyo punje karibu na kidole gumba imevunjika. Naiona. Usiniletee chenga!"

Wakuu, palilipuka! Wapakiaji wakapiga makofi kwenye magunia, wanawake wanaopepeta wakapiga vigelegele. Bosco anamwambia mteja, "Nitukane tena bosi, nitukane!"

Tukaiacha ile video ikiendelea. Haikukata. Kesho yake mtandao haukukata. Msimu mzima wa maji haukukata.

Bosco alileta kalamu siku ile ile ya video. Kabla ya kusaini akawageukia wapakiaji.

"Mlinisikia siku ile namwambia marehemu katuuzia takataka. Neno lile nalirudisha. Mnisikie na leo."

Nikamwambia ukweli wote, "Antena hazikufaa kwa kazi ile, Bosco. Redio ndizo zile zile alizonunua."

"Basi shemeji, Baba Neema yuko hewani."

Nilisaini. Kisha nikaenda nyuma ya godauni nikashika kile kipande cha mlingoti. Nililia, lakini safari hii kilio kilikuwa cha aina nyingine.

Nilichojifunza ni kwamba usichague antena kwa kusoma nguvu iliyoandikwa kwenye boksi. Anza na ardhi iliyo katikati, na uitazame majira yote. Antena pana ina kazi yake na dishi lina kazi yake. Na juu si lazima kuwe ndiko kuzuri. Kama wapo wanaojua zaidi juu ya mawimbi na maji, wanisahihishe, sitaona haya.

Wenye link zinazokatakata huko mliko, kabla hamjanunua redio mpya, niandikieni hapa chini, mlipima mwezi gani?