Nukta Tatu Chini ya Kava

Injini ya nne ilikuwa imepakwa rangi ya fedha mpaka kwenye nati, na hilo peke yake lilitosha kumtia Dufie shaka. Chuma kilichofanya kazi hakionei haya uchafu wake. Aliizunguka mara mbili bila kuigusa, mikono nyuma, huku Boadi, mwenye uwanja ule wa vyuma chakavu, akimtazama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki.

"Dada fundi, unaikagua au unaiposa?"

"Nikitaka kuiposa nitawatuma wajomba zangu," Dufie alisema. "Namba yake iko wapi?"

"Hiyo hapo, kwenye kibati."

Kibati kilikuwepo kweli, lakini misumari iliyokishikilia iling'aa mipya, na pale ubavuni ambapo kiwanda hugonga namba palikuwa pamesagwa pakawa laini kama paji la uso. Dufie alipapapasa kwa kidole gumba. Herufi kubwa za kalibu, zile zinazozaliwa na chuma chenyewe, hazikuguswa. Zilimwambia kwamba hii ndiyo hasa injini inayotakiwa, silinda sita, ya lori la Kijerumani, ya miaka ileile. Zilichokataa kumwambia ni ilikotoka.

"Imetoka ng'ambo moja kwa moja," Boadi alisema. "Haijawahi kufunguliwa. Huyu bado ni bikira."

"Bikira gani anajipaka poda hivi?"

Wauza vipuri wa jirani walicheka. Eno Pokuaa hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya ringi ya gurudumu, kitambaa cha kichwa kimelegea, amechoshwa na wote. Lori lake, lililoandikwa mbele *Mama Hakuchoka*, lilikuwa limelala wiki ya tatu kwenye banda la Dufie, pua wazi, halina kitu ndani. Kule Ejura viazi vikuu vyake vilikwisha chimbwa, vimerundikwa chini ya nyasi, navyo vilikuwa vimeanza kutoa jasho.

"Dufie mwanangu," alisema, "ya kwanza ulisema inakula oili. Ya pili, krenki inacheza. Ya tatu sijui ulisema nini. Viazi vyangu havijui kusubiri. Leo sitoki hapa bila injini."

"Hutatoka bila injini, Eno. Lakini haitakuwa injini yoyote tu."

Alifungua begi lake. Huku Magazine, mtaa wa mafundi wa magari, wanawake wengi huuza chakula, na mwanamke mwenye spana bado alikuwa kituko hata baada ya miaka kumi na sita. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano bibi yake alimleta kwa Masta Gyamfi na chupa ya schnapps, pombe ya kumpa mwalimu heshima, akasema, huyu mtoto anafungua kila kitu nyumbani, mfundishe basi na kufunga. Masta alimfundisha. Siku ya kumwachia huru baada ya kuhitimu, mwanafunzi wa mwisho wa Masta na wa kike wa pekee, walimmwagia poda kichwani na shingoni, wakaimba. Wote walidhani analia kwa furaha.

Alichomoa kijiti cha oili, akanusa, akasugua tone kati ya vidole. Hapakuwa na maji wala unga wa chuma. Alitia mtaimbo kwenye puli akazungusha polepole, akihesabu mbano wa kila silinda ulivyomsukuma nyuma: moja, mbili, mpaka sita, zote na nguvu sawa. Alitikisa puli mbele na nyuma. Haikucheza. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko zote tatu alizozikataa, na moyo wake ukaanza kulainika. Ndipo akafungua kava ya tapeti, kifuniko cha juu.

Pembeni, karibu na bolti ya mwisho ya hedi, kichwa cha injini, palikuwa na nukta tatu zilizogongwa kwa ncha ya chuma, zimepangwa kama mafiga.

Katika banda la Masta Gyamfi kila mwanafunzi aliacha alama yake kwenye kazi aliyoifunga. Masta mwenyewe alitia nukta moja. Kwabena kiwete alitia mbili. Tatu zilikuwa za Dufie.

Alibaki amechuchumaa. Kelele zote za uwanja, nyundo, misumeno, redio, zilisogea mbali kana kwamba mtu amefunga mlango. Aliikumbuka siku ile vizuri kuliko siku ya harusi yake. Lori la mahindi, injini yake imefungwa upya asubuhi ile, yeye akiweka hedi na Masta akikaza bolti, likapelekwa barabarani kujaribiwa bila mtu kutazama maji ya rejeta. Liliporudi lilikuwa linachemka. Masta alikuwa amekwenda msibani. Mwenye lori alipiga kelele, harakisha, harakisha, na Dufie akachukua ndoo ya maji ya kisimani akamimina yote kwenye rejeta kwa mara moja. Ndani ya chuma cha moto, nyuma ya manifoldi, lile bomba la moshi la ubavuni, kulilia *tik*. Kidogo tu, kama ukucha unaokatika. Hakumwambia mtu.

Baada ya hapo lori lile lilikuwa likipoteza maji kila safari na halionyeshi yanapotokea. Lilichemka kwenye mlima wa Mampong, likachemka tena. Mwenye nalo aliondoa malori yake yote matano kwa Masta Gyamfi, akatangaza barabara nzima kwamba mkono wa mzee umekufa. Tangu hapo Masta alikaza kila bolti mara mbili, akasimama, akarudi kuikaza ya tatu.

Hedi inaweza kuhamishiwa bloki nyingine, Dufie alijiambia. Nukta zangu ziko juu ya hedi tu; huenda bloki hii si ile iliyopasuka. Angeweza kufunga kava, kusema hapana, na kumshika Eno Pokuaa mkono waondoke.

"Ilishafunguliwa," alisema akisimama. "Na bloki siiamini. Twende, Eno."

"Siendi." Eno Pokuaa hakuinuka. "Umeizungusha mwenyewe, nimeona uso wako ukifurahi. Sasa imekuwaje?"

"Ameishiwa sababu," Boadi alisema. "Ya nne hii! Kesho atasema injini haina adabu. Aitwe mtu mzima. Aitwe Masta Gyamfi, banda lake si hapo tu? Mama, akisema mbovu, nairudisha nilikoinunua."

Masta Gyamfi alikuja taratibu, miwani imefungwa kwa uzi, akasalimia kwa kuanzia kulia kama inavyostahili. Alizungusha, akanusa, akaweka sikio. Kava ilikuwa imekwisha rudishwa, wala hakuomba ifunguliwe.

"Ni nzuri," alisema. "Dufie, una nini nayo?"

"Masta, ina ufa."

"Wapi?"

"Nyuma ya manifoldi. Huwezi kuuona bila kuitoa."

Boadi alipiga makofi. "Macho yake yanapenya chuma! Mchungaji wake anajua uchawi huu?"

Lakini mzee hakuwa anacheka. Aliivua miwani. "Umejuaje mahali ambapo hujapaangalia?"

Hapo ndipo ulipofika wakati wenyewe. Dufie alitazama mikono yake, oili imeingia kwenye mistari ya viganja, akaona kwamba akiiacha nafasi hii ipite hatakuwa tena na mwalimu wala ufundi, atabaki na spana tu.

"Ngoja kwanza nitoe," alisema.

Alitoa manifoldi, bolti kwa bolti. Alikwangua rangi ya fedha mpaka chuma kikabaki kitupu, akakipaka mafuta ya taa, akangoja, akakipangusa kikauka. Kisha akatoa kwenye begi bonge la udongo mweupe ulionunuliwa kwa wanawake wa sokoni, akalisaga kwenye kiganja na kupuliza unga wake juu ya chuma. Walisogea wote. Kwa muda hapakuwa na kitu, weupe mtupu. Kisha mafuta ya taa yaliyojificha ndani yakaanza kurudi nje, na mstari mwembamba ukajichora wenyewe, kijivu, umepinda, una urefu wa shibiri moja.

Eno Pokuaa alishika kinywa.

"Nukta zangu tatu ziko chini ya kava," Dufie alisema, akimtazama Masta peke yake. "Ni lile lori la mahindi. Ulikuwa msibani. Lilikuwa linachemka, nikalimwagia maji baridi. Nilisikia likipasuka. Haukuwa mkono wako, Masta. Haukuwa kamwe. Ulikuwa wangu."

 Mtu alipunguza redio ya jirani.

"Miaka kumi na moja," mzee alisema.

"Nilikuogopa."

"Na mimi nilijiogopa." Alinyoosha mikono yake, akaigeuza, kana kwamba imeletwa kwake na mtu mwingine. "Unajua ni mara ngapi nimeamka kuwaza ni bolti gani niliyoisahau?"

Dufie alijua, au alidhani anajua.

Eno Pokuaa aliinuka kwenye ringi yake. Aliokota bonge jingine la udongo mweupe kutoka kwenye begi la Dufie, akalilowesha kwa maji ya chupa, akamshika mzee mkono bila kumwomba ruhusa. Alimpaka kutoka kifundo hadi kiwiko, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kama apakwavyo mtu aliyetoka barazani na haki yake.

"Barabara yote ilisikia yale maneno," alisema. "Na hili walione. Usinawe mpaka ufike nyumbani, Papa."

Masta Gyamfi alivaa miwani.

"Nami nitamwona aliyeniuzia," Boadi alinung'unika. Alikuna shingo, akamtazama Dufie kwa jicho jingine. "Nyuma ya yale makontena nina nyingine. Haijapakwa rangi. Ni chafu sana."

"Twende tukaione."

"Kwanza rudisha manifoldi ya watu," mzee alisema, sauti kavu. "Hukufundishwa kuacha kazi wazi."

"Ndiyo, Masta."

Alichuchumaa na kuzikaza bolti zote. Alipomaliza ya mwisho mzee alikuwa bado amesimama nyuma yake, mikono myeupe imening'inia. Dufie alingoja aambiwe arudie kukaza. Masta alizitazama bolti, midomo ikicheza kana kwamba anahesabu, akageuka na kuelekea kwenye makontena.

Ile nyingine ilikuwa imelala kwenye matope, nyeusi kwa grisi. Dufie alipiga magoti, akachomoa kijiti cha oili, akanusa.