Shada Kwenye Gunia la Plastiki

Baada ya kumzika binti yetu kule Tosamaganga, mimi nilikwenda kaburini kila nilipopata nafasi. Mume wangu hakwenda hata mara moja. Yeye alihamia kwenye pipa lake la kutengenezea mafuta.

Kazi hiyo alijifunza Mbeya kabla ya msiba. Unajaza plastiki kwenye pipa la chuma, unaliziba lisiingize hewa, unakoka moto chini yake. Plastiki haiungui, inayeyuka na kuwa mvuke, na mvuke ukipita kwenye bomba lililolazwa majini unageuka kuwa mafuta. Nyumba yetu ya Ipogolo ilinuka mafuta hayo mpaka kwenye mashuka. Nilinuna. Niliona nimeolewa na mtu aliyemsahau mtoto wake kwa ajili ya ndoo zilizopasuka.

Novemba waumini walifyeka makaburi kwa ajili ya siku ya marehemu wote, mashada ya maua ya plastiki yaliyopauka wakayatupa jalalani. Akina mama wanaookota plastiki huko wakatuletea gunia. Tulikuwa tukichambua, mume wangu akitoa mabomba na maua, kwa sababu moshi wa vitu hivyo unakaba koo na kuharibu mafuta. Ghafla mkono wake ukasimama. Alishika shada la zambarau lililofungwa kwa waya wa shaba. Waya ule aliukaza mwenyewe asubuhi ya mazishi, maana tuliuziwa shada limelegea.

Nilimwambia alirudishe, na sikusema kwa upole. Akaomba twende wote.

"Jeneza ulibeba," nikamjibu. "Njia unaijua."

Akalifunga nyuma ya pikipiki, akaondoka. Siku hiyo pipa halikuwashwa. Nilibaki nachambua peke yangu, hasira ikinipungua kidogo kidogo, nikijisemea kwamba angalau leo ataongea na mwanawe.

Alirudi jioni, shada bado liko nyuma ya pikipiki. Nilitaka kumsema, lakini nikaona suruali yake ina udongo mwekundu magotini. Akaketi juu ya dumu. Alinieleza kwamba misalaba mingi ya mbao imeliwa na mchwa, na makaburi yaliyofyekwa yanafanana yote. Alipiga magoti kwenye moja dogo, akasali, akalia sana. Aliponyanyuka ndipo akasoma jina msalabani. Lilikuwa la mtoto wa watu wengine.

"Nimezunguka mpaka nimechoka," akasema. "Mama, mtoto wetu tulimlaza wapi?"